CBC ya mtoto wa miezi minane

Kwenye foleni ya kliniki moja Kayole, mama aliyekuwa mbele yangu alipewa karatasi iliyoandikwa CBC. Akamtazama mwanawe wa miezi minane aliyekuwa akichemka homa, akamuuliza karani: “Huyu hata chekechea hajaingia, CBC ya nini?” Yeye aliijua CBC ya mtaala wa shule za Kenya, daktari alitaka chembe za damu zihesabiwe.

Visa kama hiki huwafanya watu wadai kila kitu kiandikwe kwa kirefu. Naona wanakionea kifupisho. Kosa lake halizidi la neno “paa”: paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani, kupaa samaki magamba. Nani hupotea hapo? Maneno jirani hutuonyesha njia. Vivyo hivyo, PC ukiitaja Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, watakuonyesha kompyuta. Kituoni ni konstebo. Kwa wazee wetu bado ni mkuu wa mkoa. CS bungeni ni waziri, wodi ya wazazi ni upasuaji. Muuguzi wa zamu ya usiku, wodi ikiwa imefurika, akiandika herufi hizo mbili anaokoa muda, na muda huo ni wa mgonjwa.

Wanaopinga wana hoja moja nzito: MS. Katika maagizo ya dawa imewahi kumaanisha mofini salfeti, na pia magnesiamu salfeti. Ya kwanza hutuliza maumivu makali, na ikizidi huzima pumzi. Ya pili hudungwa mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Zote mbili ni dawa za wodini, kwa hiyo muktadha ninaoutetea hauokoi mtu.

Lakini tazama tatizo hilo lilivyotatuliwa. Mwaka 2004 Joint Commission, shirika linaloidhinisha hospitali Marekani, lilitoa orodha ya vifupisho visivyofaa kutumika. MS imo. Imo pia U ya yuniti, kwa sababu mwandiko wa haraka huigeuza sufuri: yuniti 10 za insulini zikasomwa 100, dozi mara kumi. Hata hivyo orodha yenyewe ni fupi mno, vifupisho vichache tu. Walichagua vinavyoweza kuua, vingine wakaviacha vifanye kazi. CBC haimo.

Karatasi ya mama yule iliandikiwa maabara, ila yeye ndiye aliyeibeba. Karani alichukua kalamu, akaongeza pembeni “kipimo cha damu”, akamwonyesha mlango wa tatu.