Kirikuu hakikuelekea Pemba

Naandika leo Alhamisi, mgongo bado unauma, kwa sababu Mgosi ameshasambaza habari. Kwa maelezo yake, kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, kilionwa kikielea kuelekea Pemba, mimi nimesimama kwenye bodi nawapungia watu mkono. Uongo mtupu. Kirikuu hakikuelea hata kidogo, kingeelea ningeshukuru. Na ule mkono sikuwa naaga, nilikuwa naita watu.

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu isiyo na mshahara: mtu wa bara akija Tanga kwa mara ya kwanza, hasa hawa waliooana juzi, ndugu zake wananipa namba yake namtumia maelekezo kwa sauti. Shemeji yangu Elia, mdogo wake mama watoto, kaoa mwezi uliopita kwao Singida. Yeye na mkewe Neema walikuwa hawajawahi kuiona bahari. Nikawatumia dakika kumi na moja nzima.

Nikawaambia basi litawashusha Kange, si mjini, kwa hiyo mkoba asiushike mtu kabla hamjapatana nauli ya bajaji, na mpatane kwa watu wawili pamoja na mizigo, siyo ile ya "tutaelewana mbele ya safari". Blanketi liacheni Singida. Chumba kabla ya kulipa, washeni feni muione inazunguka, kunjueni chandarua mtafute matundu, fungueni bomba hapo hapo. Mhudumu akisema "maji huwa yanatoka", rudini mapokezi. Ngamiani barabara zina namba, ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, mkipotea muulizeni mtu mko ya ngapi muanze kuhesabu. Bibi harusi abebe doti ya khanga: mmoja wa kujifunga akitoka majini, wa pili wa kujitanda akipita mitaani, maana nguo ya ufukweni inaishia ufukweni. Baharini waingie na raba kuukuu, kwani kwenye miamba kuna yale mapira meusi ya miiba. Mwiba ukiingia kisiginoni unakatikia ndani, na fungate inahamia zahanati. Upepo nao usiwadanganye, unakupuliza huku jua linakukaanga.

Maji kujaa na kupwa niliyapa dakika nne peke yake. Nilitumia na sauti nzito. "Bahari ina ratiba yake, shemeji. Asiyeijua humezwa." Naomba msinitumie tena kipande hicho, ninacho.

Basi Jumapili. Mpango ulikuwa mzuri: saa mbili asubuhi Tongoni kuona magofu, saa tatu ufukweni kupiga picha za harusi, saa sita tuko nyumbani. Neema alikuja na gauni lake la harusi, jeupe, lenye mkia, la kukodi Singida, kaweka na amana. Kirikuu nilimwazima Mgosi kwa sababu gauni lile halipandi pikipiki. Lakini asubuhi bibi harusi akakutana na mbaazi za nazi na mahamri. Simlaumu. Sahani ya tatu ilikuwa yangu.

Tongoni tukafika tumechelewa, na mimi nikiwa na wasikilizaji sijui kufupisha. Nikawaonyesha msikiti na makaburi, yapo zaidi ya arobaini, mengine ya nguzo, ya karne ya 14 na ya 15. Nikawaelekeza baharini nikawapa ile ya Wareno: mwaka 1498 Vasco da Gama anapita hapa, meli yake moja, São Rafael, ikapanda fungu alfajiri. Maji yakapwa, meli ikabaki nchi kavu kama kiatu. Wenyeji wakawaendea na mashua, moja imejaa machungwa, Wareno wenyewe wakaandika kwamba ni matamu kuliko ya kwao. Maji yalipojaa meli ikanyanyuka wakaondoka. Waliporudi mwaka 1499 waliichoma papa hapa, mabaharia walikuwa wamekwisha kwa kiseyeye, hakuna wa kuiendesha.

Neema ni mwalimu wa jiografia. Akauliza, "Kwa hiyo walikwama kwa kutojua saa za maji?"

"Hasa," nikasema. "Si unajua wageni."

Andikeni sentensi hiyo pembeni, tutairudia.

Ufukwe wenyewe siutaji, wenyeji wameniomba. Tulifika saa tano na robo. Bahari ilikuwa mbali, kamstari tu ka buluu, huku katikati ni uwanja wa mchanga unaong'aa. Elia akauliza, "Shemeji, yenyewe iko wapi?" Nikacheka kicheko cha mwenye mji. Nikasema picha nzuri lazima bahari ionekane nyuma ya gauni, tusogee. Nikaingiza gia, nikashuka na kirikuu mchangani. Mchanga ulikuwa mgumu, tairi hata haziachi alama. Nikapita theluthi mbili ya uwanja ule nikasimama.

Neema akatazama maji, akatazama simu, akasema kwa adabu zote, "Shemeji, mwezi si ulikuwa mpevu juzi Ijumaa?"

"Naam."

"Basi haya si ndiyo maji makubwa?"

"Bamvua," nikamsahihisha. Mwalimu mzima, nikamsahihisha! "Bado yanapwa haya. Tuna saa sita hapa."

Sasa nieleze kosa langu, maana ni kosa la watu wengi. Bamvua la huku kwetu, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hukauka kabisa kama saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mimi hesabu yangu ilikuwa ya siku mbili mbele. Siku ile maji yaligeuka saa tano kasoro dakika kumi, yaani wakati nafunga breki na kusema "bado yanapwa", yalikuwa yanarudi dakika ishirini na tano.

La pili, zile saa sita ni za kujaa mpaka juu, siyo saa sita za wewe kukaa. Maji hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza yanapanda sehemu moja kati ya kumi na mbili, unaona kama yamelala. Ya pili, sehemu mbili. Ya tatu na ya nne, tatu tatu: nusu ya bahari yote inaingia ndani ya saa mbili. Na kwenye ufukwe tambarare, maji yakipanda kimo cha goti yameshatembea uwanja mzima. Bamvua la Tanga ni zaidi ya mita 3. Haya yote nilikuwa nayajua. Yamo kwenye zile dakika nne.

Tukapiga picha. Bwana harusi kashika mkono, bibi harusi kageuka, mkia unapeperuka, mimi nalala chali kutafuta pembe. Saa saba kamili Neema akasema mara ya pili, "Shemeji, ule mwamba tuliopigia picha ya kwanza siuoni." Nikasema mwanga tu umebadilika.

Kisha nikakiona kirikuu.

Kilikuwa kimeinama. Kidogo tu, upande wa nyuma kushoto, kama mzee anayesikiliza kwa sikio moja. Mchanga ulioloa ukipita juu yake bila kusimama unakubeba. Ukisimama saa mbili, maji yanapenya kwa chini, mchanga unalegea kama uji, na tairi linajichimbia lenyewe. Dawa yake inajulikana. Usikanyage mafuta. Shuka, punguza upepo wa tairi mpaka zitandazike, fukua mchanga mbele ya kila tairi, tandika makuti, watu wasukume wewe ukitoka taratibu kwa gia ya kwanza. Dakika kumi na tano, umetoka.

Mimi nikapanda nikakanyaga mafuta.

Naomba hapa tuende polepole, kwa kuwa ndipo ile video inapoanzia. Elia kasimama nyuma kulia, viatu kavua, suruali ya suti kaikunja magotini. Neema kasimama nyuma kushoto, mkia wa gauni kaufunga kiunoni kwa khanga yangu ya ushauri, mikono yote miwili kwenye bodi. Nyuma ya tairi, wadau. Kirikuu kinasukuma kwa tairi za nyuma. Nikapiga kelele, "Moja, mbili, tatu!" nikakanyaga mpaka chini.

Gari halikusogea. Kilichosogea ni mchanga. Nilikiona kwenye kioo cha pembeni: ukanda wa tope la kijivu ukatoka chini ya tairi, ukapanda taratibu kama mtu anayekunjua mkeka, ukafika usawa wa gauni, ukalala juu yake kuanzia pindo mpaka shingoni. Neema hakupiga kelele. Alifumba macho tu. Alipoyafumbua, hapo pa macho ndipo palipokuwa peupe peke yake.

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikadhani tatizo ni moto mdogo. Nikakanyaga tena. Elia naye akapata wa kwake.

Tairi ya nyuma ikawa imezama mpaka nusu, na ndipo wimbi la kwanza likafika. Si wimbi hata, ni kile kipovu cheupe kinachotangulia. Kikagusa tairi kikarudi, kama mtu aliyebisha hodi akakuta hajaitikiwa. Kikaja tena, hakikurudi. Maji yakaanza kuingia mlangoni, kwa chini, bila haraka. Ndala yangu ya kulia ikatoka ikaelea. Hotipoti ya pilau ikatoka ikaifuata. Kaa mmoja akapita kati ya miguu yangu na klachi. Injini ya kirikuu, kama hamjui, iko chini ya kiti. Niliisikia ikikohoa chini yangu, mara mbili, ikanyamaza. Ukimya ule sitausahau. Bodaboda aliyesimama juu ufukweni alikuwa amenyanyua simu.

Hapo ndipo nilipopanda kwenye bodi na kupunga mkono.

Walishuka vijana kama kumi na wawili wa ngalawa, mbele yao mzee mmoja kabeba kamba begani, kanzu kaifunga kiunoni. Hakuuliza kitu. Akapachika magogo yale ya kuvutia ngalawa nyuma ya tairi, akatandika makuti, akafunga kamba nyuma kwenye chesisi, si kwenye bampa, maana bampa linang'oka, akaniambia nitie gia huru nishuke nisiguse kitu. Akaanza wimbo wa kuvuta. Wakavuta kinyumenyume, shindo kwa shindo, maji yameshafika kwenye viti. Bibi harusi naye yuko kwenye kamba, wa tatu kutoka mbele. Mtoto mmoja akawa anapita kwa watazamaji na ndoo, anauza machungwa. Wallahi. Elia akanunua manne, akanitazama, akasema, "Kama Wareno."

Kikatoka. Mzee akakunja kamba, akafuta jasho, ndipo akanigeukia.

"Umezaliwa wapi, baba?"

Ndugu zangu, nimezaliwa Ngamiani. Nimekulia Ngamiani. Nikatazama chini nikasema, "Singida, mzee."

Nyuma yangu nikasikia mtu anapaliwa na chungwa.

"Aaa," mzee akasema kwa huruma ya kweli. "Ndio maana. Pole, mwanangu, bahari haikujui." Akapiga hatua mbili, akasimama, akageuka. "Lakini mbona umefanana na yule fundi cherehani wa barabara ya kumi na mbili? Kichwa kile kile."

Fundi cherehani yule ni baba yangu.

Yaliyofuata hayana utamu. Tulivutwa mpaka mjini kwa kamba ile ile. Betri ikafunguliwa usiku ule ule, kikaoshwa kwa maji baridi mapipa matatu, chini na ndani, oili ikamwagwa mara mbili kwa kuwa ya kwanza ilitoka kama chai ya maziwa, breki zikafunguliwa, mazulia yamo juani mpaka leo. Dinamo imekufa, nimenunua nyingine. Gauni mama watoto kaloweka siku mbili, tope limetoka, rangi imekuwa ya chai. Amana nimelipa mimi. Baba hajanisemesha, ila kila nikipita anaguna.

Wageni waliondoka Jumanne. Kwa Mgosi nina deni na nina jina jipya, Vasco, na anauliza kila siku lini nitakichoma.

Neema ameshafika Singida, kwenye Singidani yao, ziwa la chumvi ambalo halijai wala halipwi. Kapakua ratiba ya maji ya Tanga. Leo saa kumi na mbili alfajiri simu imelia, ni ujumbe wake: "Shikamoo shemeji. Leo maji yanajaa saa mbili asubuhi. Kama una safari, pita barabarani."