Anza na Nyusi, Fandesheni Ije Mwisho

Siku ya kwanza niliyokwenda kazini nimejipaka fandesheni, ile rangi ya kulinganisha ngozi ya uso mzima, dada mmoja wa idara ya hesabu alinivuta pembeni karibu na lifti akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Akanitazama tena, akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha karatasi na kunionyesha kwa kidole. Ukosi wa blauzi yangu nyeupe ulikuwa umechorwa mstari wa rangi ya udongo kutoka sikio hadi sikio. Nilipoingia msalani na kujitazama kwenye kioo, chini ya zile taa ndefu nyeupe, nikaona alichokiona yeye. Uso ulikuwa umepauka kijivu, kama umepakwa majivu. Shingo ilikuwa yangu ileile ya siku zote.

Na niliamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya uso ule! Nilifuata video hatua kwa hatua, nikisimamisha na kurudisha nyuma, simu imeegemezwa kwenye kopo la mafuta. Chupa ile ilikuwa imekula pesa kuliko kitu kingine chochote kwenye mkoba wangu. Nililaumu mkono wangu kwa muda mrefu, hadi nilipotambua kwamba kosa kubwa lilikuwa pale nilipoanzia.

Wengi wanaofundisha kujiremba huanza na fandesheni, na kwa mzoefu ni sawa, maana ndiyo inayokaa chini ya vingine. Lakini mpangilio wa kupaka si mpangilio wa kununua, wala si mpangilio wa kujifunza. Fandesheni mara nyingi ndiyo ghali kuliko vyote, ndiyo inayodai rangi iendane na ngozi barabara, ndiyo inayotaka sponji au brashi safi kila mara, na ikikosewa inaonekana tangu mlangoni. Nyusi ukizikosea unafuta kwa kidole, unaanza upya. Kwa hiyo kama hujawahi kujipaka chochote na sasa umepata kazi, au umechoka kutoka vilevile kila asubuhi, ushauri wangu ni kwamba fandesheni ije mwisho. Huenda isije kabisa, na hutaikosa.

Uso wa kazini si uso wa harusi. Uso wa harusi unaandaliwa kwa ajili ya kamera, na zile video nazo hupigwa mbele ya taa ya duara inayofuta kila kivuli. Kazini unatazamwa na mtu aliyekaa ng'ambo ya meza, kwa saa nane, huku unatoka jasho, unajishika shavu bila kujua, unapiga chafya, unaongea na simu umeibana kati ya sikio na bega. Kinachovumilia hayo yote ni vitu vichache vilivyopakwa kidogo. Mimi natumia dakika saba, na nimezipima kwa saa.

Kabla ya rangi yoyote kuna ngozi, na hapo sitakaa sana: nawa, paka losheni inayokufaa, kisha krimu ya kukinga jua. Kwenye krimu hii watu wengi hutishwa na namba. Namba hiyo ni SPF, kipimo cha kinga ya krimu: SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, na SPF 50 takriban asilimia 98. Kama ya 30 ndiyo unayoimudu, chukua hiyo upake ya kutosha. Uso na shingo huhitaji mistari miwili inayojaza kidole cha shahada na cha kati. Tatizo kubwa ni kupaka tone moja kama unapaka dawa ya chunusi. Kuna nyingine zimetiwa rangi, na hizi nazipenda kuliko zote kwa mtu anayeanza. Mara nyingi rangi yake hutokana na oksaidi za chuma, ambazo huzuia pia mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho. Mwanga huo huchangia madoa kukolea, hasa kwenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde. Ukipata yenye rangi inayokaribiana na yako, umepata kinga na kitu cha kulinganisha ngozi kwenye tyubu moja.

Sasa nyusi. Hapa ndipo ningekuambia uweke muda wako wote wa mwezi wa kwanza, kwa sababu hakuna kitu kidogo kinachobadilisha uso kama nyusi. Nunua penseli moja ya kahawia iliyokolea, hata kama nywele zako ni nyeusi tii. Nyeusi juu ya nyeusi hutoa nyusi za kubandika. Kaa dirishani, mwanga wa mchana uje usoni na si mgongoni. Chana nywele za nyusi kwenda juu kwa kibrashi (cha maskara iliyoisha kinatosha, ukikiosha kwa sabuni hadi maji yatoke meupe). Utaona penye mapengo. Jaza hayo mapengo tu, kwa vistari vifupi kama unywele, ukianzia katikati kwenda mkiani. Sehemu ya mbele, ile iliyo karibu na pua, usiiguse kwa penseli. Chukua kile kibrashi, vuta kidogo ya rangi iliyokwisha kukaa uilete mbele. Ukianza kwa kuchora mpaka wa nje kisha ukajaza ndani, unapata sanduku. Nilitembea na masanduku mawili juu ya macho kwa karibu mwaka mzima na hakuna aliyenionea huruma akaniambia.

Najua wapo wanaotumia wanja wa macho kwenye nyusi, nami nimefanya hivyo. Unakubali, lakini ni laini, na ikifika mchana umeshaanza kushuka. Na kwa kuwa tumeutaja wanja: ule wa unga usio na lebo wala jina la mtengenezaji, uache. Baadhi yake umekutwa na madini ya risasi, na jicho si mahali pa kufanyia majaribio.

Baada ya nyusi, midomo. Chagua rangi moja tu, iliyokolea kidogo kuliko midomo yako ilivyo. Nasisitiza moja, kwa sababu dukani utaonyeshwa kumi na mbili, na zote zitakuwa nzuri juu ya mgongo wa mkono. Mgongo wa mkono hauna mdomo. Paka katikati, sambaza kwa kidole hadi pembeni, kisha futa kidole hicho kwa kugonga juu ya mashavu, nukta mbili kila upande. Tayari umepata rangi ya mashavu bila kununua kopo jingine, na inaendana na mdomo kwa sababu ni ileile. Kama ngozi yako hutoa chunusi haraka, jaribu kwanza sehemu ndogo kwa siku mbili tatu, maana lipstiki nyingine zina mafuta mazito.

Methali inasema rahisi huvunja upishi. Kwenye maskara siiamini. Maskara ikishafunguliwa inapaswa kutupwa baada ya miezi mitatu hivi, kwa kuwa kila ukirudisha brashi ndani unarudisha na vijidudu vya kwenye kope. Kwa nini basi ununue ya gharama, uitupe nusu yake ikiwa imo? Nunua ya bei ya chini, usimwazime mtu, na usiipampu ile brashi juu chini. Unaingiza hewa na inakauka haraka. Pesa uliyookoa hapo iweke kwenye krimu ya jua, ambayo utaimaliza hadi uikate tyubu kwa mkasi.

Konsila na poda ni vya mwezi wa pili au wa tatu. Konsila ni ya kufunika doa, si ya uso mzima. Nukta juu ya doa, subiri kama nusu dakika ishike, kisha gonga pembezoni kwa kidole cha pete kwa sababu ndicho kinachobonyeza kwa upole. Ukiisugua unaihamisha, doa linabaki pale pale. Poda nayo ni ya paji la uso, pua na kidevu, panapong'aa. Ukimwagia uso mzima unarudi kwenye majivu yangu ya lifti.

Kitu kimoja sikubaliani nacho hata kikisemwa na marafiki zangu: kuanza na krimu ya "kung'arisha" ili rangi zikae vizuri. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo inaweza kudhuru figo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulizuia kuanzia mwaka 2020 kutengeneza na kuingiza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni, na bado vipo madukani. Ukiona neno "calomel" kwenye lebo, ni zebaki hiyohiyo kwa jina lingine. Na ukikuta hakuna lebo kabisa, irudishe rafuni.

Sasa kuhusu watu wa kazini, maana hilo halifundishwi kwenye video. Ukijipaka kila siku kwa miezi miwili, siku utakayotoka bila kitu utaulizwa kama umelala vibaya. Nililikuta hilo na lilinikera sana, kwa sababu uso niliokuja nao siku ile ndio niliozaliwa nao. Tangu hapo nina siku mbili kwa wiki ambazo siweki chochote zaidi ya krimu ya jua, na sizipangi: leo Jumanne, wiki ijayo Alhamisi. Watu wamezoea nyuso zote mbili, nami sina tena ile hofu ya kukutana na bosi ghafla kabla sijajiweka sawa. Pale ambapo kazi yenyewe inalazimisha mwanamke ajirembe, nadhani mwajiri anayeandika sharti hilo anunue na vifaa.

Siku ukiamua kwamba fandesheni unaitaka kweli, usiipimie mkononi. Chora vistari vitatu vya rangi tofauti kwenye taya, kuelekea shingoni, kisha toka nje ya duka, kaa dakika kumi na tano. Fandesheni nyingi hukolea zikishapigwa na hewa na mafuta ya ngozi, kwa hiyo ile iliyokuwa sawasawa mbele ya muuzaji inaweza kuwa si yako ukifika kituoni. Kistari kitakachopotea kwenye ngozi ndicho chako. Muuzaji akinuna kwa sababu umetoka bila kununua, mwache anune.

Chupa yangu ya kwanza niliikuta wiki iliyopita nyuma ya droo. Kwa chini kuna kile kipicha cha kopo lililofunguliwa kifuniko, na ndani yake pameandikwa 12M, yaani miezi kumi na miwili tangu ifunguliwe. Mimi niliifungua miaka minne iliyopita. Imejaa hadi shingoni bado.