Samaki Ana Godoro, Mimi Nina Leseni

Mjomba ameuliza tena. Kwao ni saa kumi na moja alfajiri, kwangu hapa Uingereza ni saa tisa za usiku, simu inanguruma juu ya kabati: "Mwanangu, yule samaki mlimlia na nini?" Sijafumba jicho, Shangazi naye kaingia: "Na kichwa alipewa nani?" Halafu Bamdogo, ambaye kuandika kunamchosha, katuma sauti ya dakika nne. Tatu za mwanzo ni kikohozi na jogoo. Ya nne anasema samaki wa ukubwa ule kisiwani kwetu Ukerewe siku hizi ni wa kusimuliwa, na kwamba nikija nije na ndoana za aina hiyo.

Niwajibu nini watu hawa? Picha wameiona kwenye grupu la ukoo: nimepiga magoti, nimemkumbatia samaki wa kilo nne na ushee, mwenye ndevu nne mdomoni, na wote wawili tumetoa macho. Ambacho hawakukiona ni kwamba muda mfupi baadaye samaki yule alikuwa njiani kurudi kwake, mzima, kapakwa dawa, na mimi nimelowa mpaka kiunoni kwa kumhudumia.

Mwambie mtu wa Nansio, huko kisiwani, kwamba uliamka usiku, ukalipa, ukanyeshewa, ukapata samaki, ukamrudisha majini. Hatakuuliza sababu. Ataanzisha mchango wa nauli ya kukuleta nyumbani uangaliwe, na kwa ukoo wetu ulivyo, mimi mwenyewe nitatakiwa kuuchangia.

Sasa nyinyi mlio huku mnajua. Uvuvi wa Uingereza si wa kuokota fimbo na kushuka mtoni. Ukishafika miaka 13, leseni. Ukikutwa huna, faini inaweza kupanda mpaka pauni 2,500, na hiyo ni kabla hujashika hata kidagaa. Leseni ni ya serikali, lakini ukingo wa mto nao una mwenyewe, kwa hiyo unalipia na kadi ya klabu. Kuanzia Machi 15 hadi Juni 15 mito inafungwa ili samaki wazaane kwa faragha. Miezi hiyo utawaona wanaume wazima, wenye ajira na watoto, wamesimama darajani wanatazama maji na kuguna. Juni 16 ikifika ni sikukuu. Watu wanaomba ruhusa kazini. Mimi nilibadilishana shifti na kijana mmoja wa Ghana ambaye mpaka leo ananidai.

Chambo nacho kinanunuliwa. Funza! Wale wale ambao kwetu ukiwaona kwenye nyama unamwita mwenye bucha na maneno yasiyofaa mbele ya watoto, huku wamepangwa dukani kwa rangi, weupe na wekundu, wanapimwa kwa painti kama maziwa. Na mwenye duka anakushauri kwa sauti ya daktari: "Waweke kwenye friji, wasigeuke nzi." Kwenye friji, Mama Neema akiwa nyumba hiyo hiyo. Nilijaribu kumweleza kuwa ni funza wasafi, wa dukani, wana risiti. Nanyi mnaufahamu ule ukimya wa mwanamke aliyeshika kifuniko.

Basi tarehe 16 hiyo nikawa Mto Kennet, hapa Reading, sehemu ambayo bado haujajimwaga kwenye Thames. Kennet una sifa ya samaki anayeitwa barbel, ukoo mmoja na kuyu wa kwetu, mwenye nguvu za kukokota. Nimekaa, kiti changu cha kukunja kimezama tope upande mmoja, chai imepoa, mvua ile isiyonyesha wala kukatika. Fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji.

Wacha nikwambie, damu ya kisiwani haipotei. Nilisahau baridi, nikasahau shifti, nikavuta, nikalegeza, nikavuta, na kabla samaki hajauonyesha hata mkia nilikuwa nimeshamgawa. Kichwa changu. Mkia wa Mama Neema, labda atasamehe suala la friji. Pande la katikati mchemsho wa ndimu, na unga wa muhogo ninao, uliletwa na mgeni ndani ya sanduku la nguo. Nikamleta mpaka kwenye majani, nikanyoosha mikono.

"Usimguse na mikono mikavu!"

Sikujua alitokea wapi. Mzee wa Kizungu, koti la kijani, beji ya klabu, na mbwa mdogo anayeangalia watu kwa dharau. Mkono mmoja ana wavu wa kuopolea, mwingine ana kitu kimekunjwa. Akakikunjua chini. Jamani, ni godoro.

Sisemi kitambaa, wala gunia. Godoro la sponji, lina kingo pembeni ili samaki asidondoke. Na halikutosha kuwa godoro, likamwagiwa maji kwanza, asije akachubuka. Mimi nilipofika nchi hii nililala kwenye zulia la jamaa yangu Leicester, koti ndilo shuka na begi ndilo mto. Hakuna aliyelimwagia lile zulia kitu chochote. Samaki hana hata dakika mbili nchi kavu, kashapewa kitanda.

"Taratibu," mzee akasema, akaitoa ndoana kwa koleo ndogo. Ndoana yenyewe haina kijino, kanuni za klabu. Akachungulia mdomoni. Akafungua kichupa, akadondosha dawa pale ndoana ilipopita. Nikamuuliza kwa adabu, maana ni mtu mzima, kama dawa hiyo haitaharibu ladha.

Akainua macho. Mbwa naye akainua.

"Ladha?"

Hapo ndipo alipouona mfuko. Ulikuwa unachungulia mfukoni mwa koti langu, mfuko mkubwa wa plastiki, ule mzito wa kulipia. Mzee akautazama mfuko, akamtazama samaki, akanitazama mimi. Maji yakapita. Treni ikapita.

"Mfuko huo ni wa nini, rafiki yangu?"

Heshima ya mtu ni kujibu bila kutetemeka. Nikamwambia: wa takataka. Mimi, nikasema, huwa siwezi kuona ukingo wa mto umechafuliwa. Nikainama palepale nikaokota kopo la bia la mtu nisiyemjua, nikalitia. Nikaokota na la pili. Mzee akafurahi sana, akasema klabu inahitaji wanachama wa aina yangu, na kwamba kuna usafi wa mto Jumamosi ijayo. Nimeandikishwa.

Tukampima samaki ndani ya mfuko wake maalumu wenye matundu, umeloweshwa nao. Tukapiga ile picha. "Usimwinue juu, akiponyoka ataumia." Kwa hiyo nikapiga magoti, nikamshika karibu na nyasi, nikaambiwa nitabasamu. Mzee akaliangalia kovu moja karibu na pezi, akasema anamfahamu, alishawahi kumshika yeye mwenyewe. Anamfahamu! Mimi jirani yangu wa mlango wa pili hajui jina langu, na barua zangu anazirudisha posta.

Na msidhani ni huyu mzee peke yake. Kulikuwa na samaki aina ya carp katika mabwawa ya Bluebell, karibu na Peterborough, ana jina kabisa, Benson. Alipokufa mwaka 2009 alikuwa na uzito wa karibu kilo 29, na ilisemekana ameshavuliwa mara 63. Mara 63 ametolewa, kapimwa, kapigwa picha, karudishwa. Magazeti ya nchi nzima yaliandika habari za kifo chake. Kilo 29, ndugu zangu. Ule ni msiba wenye pilau ndani yake.

Basi ikaja kazi ya kumrudisha. Nikadhani unamwachia tu. Kumbe barbel akipigana anachoka mpaka anapinduka tumbo juu, kwa hiyo sharti umshikilie majini, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka apate pumzi. Nikaingia mtoni. Maji ya Kennet mwezi Juni yangali yanakumbuka Januari. Nimemshika samaki wangu kwa mikono miwili, mzee ukingoni ananielekeza, "Mpe muda, asiharakishwe," na meno yangu yanagongana. Hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kunipa mimi muda. Nikamuuliza mzee, ili mazungumzo yasife, kama huyu samaki zamani alikuwa haliwi. Akasema wapo waliomla, ila mayai yake yana sumu, yanatapisha na kuharisha. Alisema kwa furaha, nikaona anaangalia tena mfuko.

Samaki akapiga mkia, akanirushia maji usoni, akaenda. Mzee akavua kofia.

Mita kama ishirini kutoka pale, korongo wa kijivu, ambaye asubuhi nzima alikuwa kasimama kwa mguu mmoja kama karani wa ofisi ya ardhi, akachoma mdomo majini, akatoka na kisamaki aina ya roach, akakigeuza kichwa kwanza, akakimeza. Mbele ya macho yetu. Hakulowesha mikono. Hakupaka dawa.

"Mrembo sana," mzee akasema. Alimaanisha korongo.

Hilo ndilo linalonitoa usingizini kuliko simu ya Mjomba. Pale ukingoni kila kiumbe anakula samaki. Kisharifu, yule ndege mdogo wa bluu, anashuka, anakula, na watu wenye kamera za pesa nyingi wanashangilia. Mnandi, ndege mzamiaji, ametoka baharini huko kuja kula bara, sheria inamlinda. Pike, samaki mla wenzake, anamnyakua roach akiwa bado kwenye ndoana yangu, na ukimpata huyo pike naye godoro linamsubiri. Fisi maji, ambao walikuwa wanawindwa mpaka mwaka 1978, wamerudi, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa sasa wapo kila kaunti ya Uingereza; wanakula kipande tu, samaki aliyebaki wanamwacha ukingoni, uharibifu ambao Shangazi asingeweza kuusikiliza mpaka mwisho. Wote hao hawana leseni. Mwenye leseni ni mimi, na ndiye peke yangu nisiyekula. Sheria yenyewe ina huruma kidogo, inakuruhusu kuchukua mtoni vidagaa kumi na tano kwa siku, visizidi sentimita 20, mwenye mto akiridhia. Klabu haikuridhia.

Batamaji mweupe sitaki hata kumzungumzia. Anakuja na shingo yake, anakula mahindi niliyomwagia samaki, ukimfukuza anakupanulia mabawa. Na huwezi kumfanya kitu, maana asiye na alama ni wa Mfalme. Kila Julai kwenye Thames wanakuja watu rasmi na makasia, wamevaa sare, kumhesabu. Chubwi za madini ya risasi zilipigwa marufuku mwaka 1987 kwa ajili yake.

Katika mto mzima nimegundua kiumbe mmoja tu ambaye kumrudisha majini ni kosa. Kamba wa mtoni wa Kimarekani, mwenye magando mekundu kwa chini. Aliletwa miaka ya 1970 kufugwa, akatoroka, akachimba kingo, akawaambukiza wenyeji ugonjwa wakafa. Ukimnasa, sheria inasema huyo asirudi. Nilipolisoma hilo nilisimama. Kisha nikaendelea kusoma: kumtegea mtego, unaomba kibali.

Kwa hiyo Jumamosi nilinunua sato wa barafu kutoka China, mgumu unaweza kumvunjia mtu dirisha, nikamkaanga. Na mnajua fleti hizi. Mafuta hayajachemka, king'ora cha moshi kinalia. Mama Neema anapunga taulo, Neema analia, mimi niko juu ya kiti natafuta betri. Jirani yule yule asiyejua jina langu akagonga, safari hii barua zangu hakuziona, ila harufu aliiona. Jumatatu, barua kutoka kwa mwenye nyumba: nipikie huku dirisha likiwa wazi. Dirisha la jikoni, ambalo tangu Oktoba namwandikia kwamba limekwama halifunguki, na mpaka leo sijapata jibu. Harufu ya sato ilijibiwa ndani ya siku mbili.