Kuondoa Majina Hakutoshi

Simu inapopigwa au meseji inapotumwa, kampuni ya simu hubaki na mstari mmoja kwenye kompyuta zake: laini iliyopiga, laini iliyopokea, saa, muda wa maongezi na mnara uliobeba mawasiliano hayo. Tuliyozungumza hayamo. Mistari hiyo huwekwa ili kampuni ijue imtoze nani na kiasi gani, lakini ukiikusanya ya miezi kadhaa unapata ramani ya mienendo ya watu ambayo hakuna sensa inayoweza kuitoa.

Mimi ni mtetezi wa utafiti unaotumia mistari hii, na sababu yangu ni malaria. Mwaka 2009 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za laini 770,369 za Zantel, kampuni ya simu ya Zanzibar, za miezi mitatu ya mwisho ya 2008. Zanzibar ilikuwa imeshusha malaria kwa kiwango kikubwa, na hofu iliyobaki ilikuwa vimelea vinavyorudi na wasafiri kutoka bara. Ilionekana kwamba safari nyingi zilikuwa fupi na ziliishia Dar es Salaam, ambako uwezekano wa kuambukizwa ni mdogo. Hatari ilibebwa zaidi na kundi dogo la watu waliokaa bara kwa muda mrefu, au waliokwenda mikoa yenye malaria nyingi. Ukilijua hilo, hupotezi dawa na vipimo kwa kila anayeshuka kwenye boti.

Kenya ilifuata kwa ukubwa zaidi. Utafiti wa 2012 ulitumia data za wateja karibu milioni 15, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, kupitia minara 11,920, na ukaonyesha jinsi vimelea vinavyosafiri na watu kutoka ukanda wa Ziwa Victoria hadi Nairobi.

Katika kazi za namna hii majina huondolewa na namba za simu hugeuzwa kuwa alama tupu. Wengi huishia hapo na kuridhika. Mimi siridhiki, kwa sababu mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza data za watu milioni 1.5 za miezi 15, zisizo na majina, wakakuta kwamba ukijua nukta nne tu, kila moja ikiwa mahali alipokuwa mtu na saa aliyokuwa hapo, unaweza kumtofautisha na wengine wote katika asilimia 95 ya visa. Fikiria anayelala Mbagala, anayeshinda Posta, anayeswali Ijumaa Magomeni na ambaye kila Desemba huonekana Moshi. Wako wangapi? Jirani yake hahitaji kuambiwa jina.

Kwa hiyo faili lenye mistari hiyo lisitoke kabisa. Mtafiti alete swali, hesabu ifanyike ndani ya kampuni, yeye aondoke na jibu la jumla: watu wangapi wametoka wilaya hii kwenda ile. Kwa malaria hilo linatosha.

Lakini data ikibaki ndani, tunaitegemea nyumba inayoihifadhi, na nyumba hiyo ina nyufa. Mfumo wa SS7, ambao mitandao ya simu huutumia kuulizana mteja yuko wapi na simu yake ipelekwe wapi, ulibuniwa miaka ya 1970, wakati kampuni za simu zilikuwa chache na zikiaminiana. Mwaka 2014, kwenye mkutano wa wadukuzi mjini Hamburg, wataalamu wa Ujerumani Karsten Nohl na Tobias Engel walionyesha kwamba aliyeingia kwenye mfumo huo anaweza kufuatilia mtu au kunasa simu zake akiwa nchi nyingine. Mwaka 2017 ilithibitika Ujerumani kwamba wezi walikuwa wamegeuza njia ya meseji zenye namba za siri za benki na kuchukua fedha za watu. Sisi ambao pesa zetu ziko kwenye laini tunapaswa kulitazama jambo hili kwa uzito kuliko Wajerumani.

Dawa ninayoiamini ni majaribio yanayoendeshwa na programu yenyewe, mfululizo. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha KAIST, Korea Kusini, walitengeneza programu ya kupima mitandao ya 4G. Waliandika kanuni za usalama ambazo mtandao unapaswa kuzifuata. Programu ikatunga jumbe zinazovunja kanuni hizo, ikazituma, kisha ikasoma mtandao ulivyojibu. Walipata udhaifu 51, na 36 kati yake haukuwa umejulikana. Hakuna timu ya watu inayoweza kutunga jumbe zote hizo kwa mkono kila mara mtambo unapobadilishwa.

Mashine haitaona kila kitu. Haitamwona tapeli anayemshawishi wakala ambadilishie laini ya mtu mwingine. Hilo linahitaji utaratibu kwenye kaunta. Ila lile ambalo mashine inaweza kuliona, hakuna sababu ya kusubiri mwizi alione kwanza.

Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Nataka wasimamizi wa sheria hizo waweke sharti moja: kampuni isichambue wala kuruhusu uchambuzi wa data za wateja kabla mtandao wake haujapimwa na mtu asiyefungamana nayo, na tarehe ya kipimo itangazwe. Pia sheria za makosa ya mtandao, ya Tanzania ya 2015 na ya Kenya ya 2018, zinafanya kuingia kwenye mfumo bila idhini kuwa kosa la jinai. Ni sawa. Lakini vijana wetu wenye ujuzi wanahitaji njia ya kuipata hiyo idhini: kila kampuni iandike hadharani mifumo gani inaruhusiwa kujaribiwa, kwa masharti gani, anayegundua udhaifu aripoti kwa nani, na atajibiwa ndani ya siku ngapi.