Trekta, vigingi na simu ya kutoka Moshi

Mwishoni mwa Novemba nilichelewa kazini kwa sababu ya trekta. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani huku Nottinghamshire. Kila mzee ana dakika zake 30, na simu ya kazini inanihesabia mpaka muda wa kuvua viatu mlangoni. Sasa pale kwenye kibarabara cha kuingilia kijiji cha Laxton, mbele yangu trekta linakokota tela, na kwenye tela wamekaa watu wazima wenye mabuti ya mpira, wameshika nyundo na vigingi vya mbao, wanacheka. Haraka hawana hata kidogo. Nikapiga honi, ile ndefu ya Kitanzania. Wakanipungia mikono.

Nilipofika kwa mzee wangu nikamwaga malalamiko hata kabla ya kumpa dawa. Ana miaka 84, alikuwa mkulima, na anataka nimwite kwa jina lake kavukavu, jambo ambalo mdomo wangu umekataa katakata. Namwita Mzee, naye ameshazoea. Akanitazama kama mtu aliyeuliza tarehe 9 Desemba kuna nini. "Leo wanakagua shamba," akasema.

Nilidhani ni maofisa wa serikali. Kumbe ni majirani wenyewe.

Laxton ina mashamba matatu makubwa, West Field, South Field na Mill Field, yote hayana ua wala seng'enge. Ndani yake kila mkulima ana vipande vyake virefu vilivyochanganyikana na vya wenzake, kimoja huku, kingine kule. Shamba moja linapandwa ngano, la pili linasubiri mazao ya baada ya baridi, la tatu linapumzishwa au linaachiwa malisho, kisha mwaka unaofuata wanabadilishana zamu. Kijiji hiki kimelima hivyo tangu enzi za kati. Karibu kwingine kote mtindo huo ulizimwa: kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi ua, na wakulima wadogo wengi wakaishia kuwa vibarua. Laxton ilisalia, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba mabwana wawili waliomiliki ardhi pale hawakuelewana namna ya kuigawa. Ugomvi wa wakubwa ukawaponya wadogo! Hilo peke yake lilinifurahisha siku nzima.

Lakini kama hakuna ua, plau ya jirani inazuiwa na nini? Inazuiwa na lile tela. Jopo la watu 12 walioapishwa linakwenda kukagua shamba la ngano la mwaka huo. Nani amelima mpaka akala njia? Nani amekwangua ukanda wa majani ambao si wa mtu? Mtaro wa nani umeziba? Wanabishana, wanapigilia kigingi pale mpaka unapostahili kuwa, wanaandika majina ya wakosaji, wanaenda kula. Wiki moja baadaye baraza lao, Court Leet, linakaa, tena ndani ya baa ya kijiji, Dovecote Inn. Faini zinasomwa, si za kumfilisi mtu, jopo jipya linaapishwa kwa ajili ya mwaka unaofuata, glasi zinajazwa. Na si ngoma ya kuwachezea watalii. Mwaka 1977 Bunge lilipoyavua nguvu mabaraza ya aina hii nchi nzima, la Laxton liliachiwa zake.

Kilichonikaa kooni si baa wala vigingi. Ni kwamba hakuna aliyeshtaki. Hakuna mtu aliyelia, aliyetukanwa, aliyepeleka barua kwa mtendaji. Wanakwenda kukagua kwa kuwa Novemba imefika.

Jioni ileile simu ikaita. Mdogo wangu, kutoka Moshi. "Kaka, umelala? Wameng'oa masale tena."

Masale ni majani tunayopanda kuonyesha mpaka kwetu Uchagani. Sina haja ya kuwasimulia iliyobaki. Kila mmoja wenu anayo ya kwao, badilisheni majina tu. Tangu tumzike baba, mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo lenye migomba, umetembea hatua tatu, na sijawahi kuona mpaka wenye miguu unaotembea kurudi nyuma. Faili lina miaka sita. Limeanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, likapanda kijijini, likapanda kata, kata nayo siku hizi inasuluhisha tu, kuamua haina mamlaka, kwa hiyo mbele ni wilayani. Kila ngazi ina nauli na kila nauli ina soda. Nimepiga hesabu ya paundi nilizotuma kwa ajili ya hatua tatu za udongo: zingemjengea mama choo cha ndani na tangi la maji, na chenji ingebaki.

Laxton wana ramani ya 1635 iliyochorwa na Mark Pierce. Iko Oxford, maktaba ya Bodleian. Inaonyesha kipande kimoja kimoja, na katikati amechora vijitu vinavyolima na kuvuna. Ramani yetu sisi ilikuwa kichwani mwa jirani mmoja aliyeyapanda masale yale pamoja na babu. Tulikuwa tumemwandika shahidi namba moja. Alifariki faili likiwa kata, akisubiri tarehe.

Najua atakayesema: huyu ana miaka tisa tu ya kuosha wazungu, ameshaanza kutufundisha mipaka. Sawa, naosha wazungu, na ada za shule za wapwa zangu zinatoka kwenye beseni hilohilo. Sijasema Waingereza ni malaika. Mzee wangu ana watoto watatu, na aliyemwona mara ya mwisho alikuja Pasaka. Ningekuwa nataka kulinganisha kila kitu ningeanzia hapo na tungeshinda saa tatu asubuhi. Nazungumzia jambo moja: siku moja kwa mwaka, kabla ugomvi haujazaliwa.

Yupo na mwingine, huyu namheshimu zaidi, atakayesema: hao unaowasifu ndio waliotunyang'anya ardhi. Kweli, tena ngoja nikupe risasi ambayo huna. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto, ardhi ikakusudiwa walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea watu wake. Mwaka huohuo wa 1952, Wizara ya Kilimo ya Uingereza ikainunua ardhi ya Laxton kutoka kwa Earl Manvers, bwana aliyeimiliki, ili desturi ya wakulima wale isipotee. London ileile! Huku wanahifadhi vipande vya kina mzee wangu, kule wanachoma nyumba Meru. Niliposoma tarehe hizo niliweka simu chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mzee nilimweleza. Alikaa kimya, kisha akasema hawakuwahi kufundishwa hilo shuleni. Chai yake ikapoa.

Na kama mnataka kujivuna, ninayo sababu pia. Wakulima wa Laxton ni wapangaji. Ardhi ilitoka wizarani ikaingia kwenye mali za Taji mwaka 1981, na 2020 ikauzwa tena, kwa milki ya Thoresby iliyo jirani. Wenye kulima walibaki kusubiri kujua mwenye nyumba mpya ni nani. Kihamba chetu, pamoja na kasoro zake na hatua tatu zilizoibwa, hakiuzwi juu ya vichwa vyetu. Babu yupo chini ya migomba pale. Nilipomwambia Mzee kwamba makaburi yetu yako shambani alishangaa, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba angependa hivyo.

Ila msinyanyuke kwenye viti bado, maana sasa nakasirika upya. Kitu hiki sisi tulikuwa nacho! Waliokulia mlimani wanaukumbuka mfongo, ule mfereji wa maji wa pamoja. Babu alikuwa mmoja wa wazee wa mfongo wetu. Siku ya kusafisha mbiu ilipigwa alfajiri, kila nyumba ikatoa mtu na jembe, wakaufuata mfereji kutoka msituni hadi kihamba cha mwisho. Njiani waliangalia nani amechepusha maji usiku, nani ameubana mfereji kwa migomba yake. Asiyetokea alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi, na mbege ile ilinywewa na wote, na yeye akiwemo. Nieleze tofauti yake na Dovecote Inn ni ipi, ukiacha baridi.

Nani aliyekuja kutuzuia? Bomba lilikuja, kila mtu akapata koki yake na kufuli lake, mbiu ikanyamaza, nasi tukaona tumeendelea. Hata sale, jani ambalo Mchagga akikuletea kuomba msamaha unaona aibu kulikataa, leo linang'olewa usiku na mtu wa ukoo, kisha asubuhi tunakutana kanisani tunapeana amani.

Nikamwambia mdogo wangu mpango. Desemba wote tunakuwa nyumbani, hata wale ambao mwaka mzima hawajibu simu. Tarehe 27 watu wa pande zote mbili waufuate mpaka kwa miguu, kutoka parachichi la bibi hadi mfongo, vijana wakishika kamba, wazee wakibishana, mtoto wa darasa la saba akiandika. Pale watakapokubaliana, tunapanda sale mchana kweupe. Pasipokubalika, tunaacha alama, tunarudi mwakani. Mbege itakuwepo.

Akacheka mpaka nikasikia anakohoa. "Kaka, na nani atamfuata baba mdogo kumwambia apande kwenye tela?"

"Mimi."

"Haya. Njoo basi."

Siku mbili baadaye akanipigia: baba mdogo hajakubali, lakini ameuliza kama mbuzi atakuwepo.

Nasafiri tarehe 19. Mzee amenipa kigingi kimoja cha zamani kutoka gereji yake, kina alama za nyundo kichwani. Nimekiweka ndani ya sanduku kati ya viatu vya watoto wa dada na chokoleti. Mke wangu amenitazama nikikifunga kwenye taulo, akauliza kama Kilimanjaro tumeishiwa miti.