Wanaooga Humu ni Mayai

Mjomba ameendesha malori ya Mombasa–Kampala tangu enzi za mashimo ya kumeza tairi. Alipostaafu akabaki Kisenyi, Kampala, na mgongo uliopinda kama kipini cha jembe. Siku moja akatoka msikitini amechangamka. Kuna mzee kamwambia huko magharibi yapo maji ya moto yatokayo ardhini, wagonjwa wanajilaza humo na maumivu yanaisha. Akaniita.

"Wewe si ndiye mwenye intaneti? Tafuta."

Nikatafuta. Ya kwanza kutokea ikawa Sempaya, katika hifadhi ya Semuliki, wilayani Bundibugyo. Nikaona picha ya mvuke na miti mikubwa, sikusoma zaidi. Maji ya moto si maji ya moto?

Tukaenda Fort Portal kwa basi, kisha taksi ikatuteremsha milimani kuelekea bondeni. Kila kona Mjomba alimfundisha dereva gia. Kwenye kona ya nne hivi yule kijana akaongeza sauti ya redio. Mapajani Mjomba alikuwa amepakata mfuko wa rambo: taulo jipya la bluu, kikoi, dodoki na sabuni ya kipande aliyoikata nusu, "ili isiishe yote siku ya kwanza."

Langoni tukapewa kijana wa kutuongoza. Akauliza kama tumebeba mayai. Mjomba akanikonyeza: huyu naye anataka chai. Tukanunua matano, yakafungwa kwenye mfuko mdogo.

Chemchemi hapo ni mbili, wenyeji huziita ya kiume na ya kike. Tulipokaribia ya kike, Nyansimbe kwa jina lake, ardhi ilikuwa nyeupe kwa magadi na mvuke unapanda kama kwa mpika pilau. Katikati maji yanaruka juu, yanaanguka, yanaruka tena. Mimi nimeduwaa nayo. Kugeuka, Mjomba keshavua shati, kikoi kiunoni, dodoki mkononi, anatafuta pa kuteremkia.

"Mzee! Mzee! Unaenda wapi?"

"Kuoga, mwanangu. Mgongo."

Kijana akamshika mkono kwa adabu zote, na kwa mkono wa pili akatumbukiza mfuko wa mayai kwenye kidimbwi cha pembeni. "Maji haya yanakaribia digrii 100, mzee. Wanaooga humu ni mayai."

Mjomba hakusema neno. Alinitazama tu, kifua wazi, jasho linamtiririka. Dakika kama kumi baadaye akamenya yai lake, akalichovya kwenye chumvi, akala lote bila kunitolea macho. Yalikuwa yameiva vizuri sana. Hilo nalo nikaogopa kulisema.

Kijana ndiye aliyetufumbua macho. Pa kuoga ni Kitagata, wilaya ya Sheema, mbali kabisa na hapa. Huko watu hujilaza majini kweli, na bwawa mojawapo wamelibandika jina la Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, kwa jinsi wagonjwa wanavyolisifu.

"Mulago," akarudia Mjomba taratibu, akinitazama.

Usiku huo tulilala kambi ya mahema kando ya mto. Mto wenyewe, nikauonja kwa kidole, baridi ya kukata. Mjomba akasema hatoki Bundibugyo bila kuoga maji ya moto, nami niyatafute nijuavyo. Basi nikaazima sigiri na sufuria, nikanunua makaa ya shilingi 3,000, nikapuliza mpaka machozi yakanitoka. Yaani nimempeleka mzee mwendo wa siku nzima kwenye maji yanayochemka yenyewe, halafu namchemshia ya mtoni.

Akaingia bafuni, kizimba cha matete. Taulo na kikoi akavitundika juu. Nikamsikia anaimba kaswida, nikajua nimesamehewa. Ghafla matete yakatikisika, kaswida ikakatika.

Nyani. Mkubwa, mabega kama bondia. Kikoi kaking'ang'ania mkononi, taulo la bluu kalitupia begani, anatembea kuelekea msituni bila haraka, kama mtu aliyemaliza kuoga.

"Mwanangu," sauti ikatoka ndani ya matete, "hicho kilichokwenda ni nini?"

Nikampitishia koti langu la mvua. Ndilo alilovaa mpaka Fort Portal.

Juzi kaniita tena. Ijumaa baada ya swala tunakwenda Kitagata, nauli juu yangu. Amenunua taulo jingine, na kwenye pindo lake ameshona kamba ya katani, ndefu ya kufunga mkononi.