Mtaalamu wa kinga na kiti cha usalama wa maabara: akikalie au akiachie?

Kamati ya usalama wa kibiolojia ya chuo kikuu iongozwe na nani: profesa wa elimu ya kinga ambaye bado anafundisha na kuendesha maabara yake, au afisa ambaye kazi yake ni usalama tu? Kwa idara ya kinga swali hili si la kiutawala tu. Watu wake hushika damu ya binadamu, panya walioambukizwa na virusi vilivyobadilishwa vinasaba, pengine vyote katika wiki moja.

Wanaomtaka profesa wana hoja nzito: anayeifanya kazi huona hatari ambayo fomu haiioni. Chukua mashine ya kuchambua seli, ile inayopitisha seli moja moja mbele ya leza kisha kuzitenga kwa matone. Mkaguzi wa kawaida ataulizia cheti, mafunzo na glovu. Aliyeizoea mashine ataanza na sampuli: imechujwa? Seli zilizoshikana huziba tundu ambalo mara nyingi lina kipenyo cha mikromita 70 tu, huku kimiminika kikisukumwa kwa shinikizo la karibu psi 70 (pauni kwa inchi ya mraba). Tundu likiziba nusu, mkondo hupinda, hugonga ukingo na kupasuka kuwa vitone vidogo mno vinavyoelea hewani. Hapo mwanafunzi, kwa uchungu wa sampuli yake, hukimbilia kufungua mlango. Anachotakiwa kufanya ni kuzima mkondo, kuacha kifyonza hewa kifanye kazi kwa dakika kadhaa, ndipo afungue. Na kama seli zinahitaji kupimwa tu, si kutengwa zikiwa hai, kwa nini hazikutiwa paraformaldehaidi, kemikali inayoua seli na vimelea huku ikihifadhi umbo la seli, tangu mwanzo?

Jambo la pili ni mwili wa mfanyakazi mwenyewe. Mwaka 2009 Malcolm Casadaban, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, alifariki baada ya kuambukizwa bakteria wa tauni wa aina iliyodhoofishwa. Bakteria hao walikuwa dhaifu kwa kuwa hawakuweza kujipatia madini ya chuma ipasavyo. Uchunguzi wa maiti ulionyesha alikuwa na hemokromatosisi, ugonjwa wa kurithi unaolimbikiza chuma mwilini, na inaelekea kuwa mwili wake uliwapa walichokikosa. Mtaalamu wa kinga hafundishwi hili na mwongozo wa ukaguzi. Ndiyo taaluma yake. Anajua kuwa “dhaifu” ni sifa ya kimelea na mwenyeji wake kwa pamoja, hivyo atataka kujua nani ni mjamzito, nani anatumia dawa za kupunguza kinga, nani hana bandama.

Lakini papo hapo hoja inamgeukia. Profesa anajua swali, ila hapaswi kusikia jibu, kwa sababu yeye ndiye anayetoa alama na mikataba. Majibu hayo ni ya daktari wa afya kazini, kwa siri.

Ualimu nao huingia hapa, na kwa maoni yangu ndipo profesa anapofaa kuliko wote. Zoezi la kutenga seli nyeupe hufundisha sayansi na usalama kwa mkono mmoja. Damu huchanganywa na maji ya chumvi, hulazwa taratibu juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli, chenye densiti ya gramu 1.077 kwa mililita, kisha huzungushwa kwenye sentrifyuji kwa nguvu mara 400 ya mvutano wa dunia kwa dakika 30, breki ikiwa imezimwa ili tabaka lisivurugike. Tyubu ikivunjika ndani, sentrifyuji huachwa imefungwa dakika 30, vitone vitue. Kikombe chenye mfuniko hufunguliwa ndani ya kabati la usalama, lile linalofyonza na kuchuja hewa, si mezani. Kabla ya yote hayo, kila mwanafunzi awe amechanjwa homa ya ini aina ya B, kwa kawaida dozi 3: mwanzo, baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 6. Mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho hupimwa kama kingamwili zimefika mIU (vizio elfu-moja vya kimataifa) 10 kwa mililita. Hakuna somo la kumbukumbu ya kinga linaloshinda matokeo ya damu yako mwenyewe.

Upande wa pili nao una ushahidi. Afisa wa kudumu hupita maabara zote, na huona asiyoyaona profesa aliyefungwa na mihadhara: kabati lililopitiwa na tarehe ya ukaguzi wa mwaka, karatasi zilizoziba matundu ya mbele yanayofyonza hewa, mifuko iliyoshindiliwa kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Kipimajoto kinaonyesha nyuzi 121, lakini mvuke haukufika katikati ya mfuko. Kipimo cha spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria anayestahimili joto, ndicho kinachofichua.

Kisha kuna mgongano wa maslahi. Mwaka 2006 mfanyakazi wa maabara katika Chuo Kikuu cha Texas A&M aliambukizwa bakteria wa Brucella baada ya kusafisha chemba ya kupulizia vimelea. Sheria ilidai taarifa itolewe mara moja. Mamlaka zilikuja kujua 2007. Utafiti wa vimelea hatari ulisimamishwa, na 2008 chuo kilikubali kulipa dola milioni 1. Miongozo ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, inadai kamati iwe na wajumbe wasiopungua 5, angalau 2 wakiwa watu wa nje, na mjumbe asiamue mradi anaoshiriki. Ni kinga nzuri, ila haimgusi mwenzako wa idara ambaye kesho atapitia maombi yako ya kupanda cheo.

Kwa hiyo ningegawa kazi. Profesa aongoze kamati inayopima sayansi ya miradi. Mamlaka ya kusimamisha kazi yawe kwa afisa anayewajibika kwa uongozi ulio juu ya kitivo, asiyesubiri kura ya profesa yeyote. Saa za kufundisha za mwenyekiti zipunguzwe kwa maandishi, la sivyo maombi yatarundikana na watafiti wataanza kazi kabla ya kibali.

Na kamati ya vyeo ijifunze kusoma takwimu zake. Mwaka wa kwanza wa usimamizi mzuri, taarifa za kujichoma sindano na kumwaga sampuli huongezeka, kwa sababu watu wameacha kuzificha. Mwenyekiti akihukumiwa kwa ongezeko hilo, mwaka wa pili daftari la ajali litakuwa tupu.